Cheti cha dawa huandikwa kabla daktari hajashika kalamu

Jioni moja ya mwezi wa Julai, baridi ya Menengai ilipokuwa imeteremka hadi mitaani, nilisimama katika duka moja la dawa pale Bondeni, Nakuru. Mbele yangu alikuwa mama mmoja muuza mboga, leso begani, akikohoa kikohozi cha siku nyingi. "Nipe dawa kali, mwanangu," alimwambia kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta. "Zile za juzi mwili wangu umezizoea." Kijana hakumwuliza ameanza kukohoa lini, wala kama ana homa, wala kama anatema damu. Alimwuliza swali moja tu: "Una pesa ngapi, mama?" Alipojibiwa, alichukua mkasi, akakata tembe sita za rangi mbili, akazitia katika bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu yake: 1x3. Dawa ya siku mbili. Mama akaipokea kwa mikono miwili na kusema, "Asante, daktari."

Kijana yule hakuwa daktari. Akanigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu?"

Hapa yanibidi niungame mbele ya wasomaji. Koo lilikuwa likiniwasha kwa siku tatu na nilikuwa na mihadhara ya kutoa. Nilikwenda pale kununua tembe zizo hizo, bila cheti cha daktari yeyote. Nikazinunua. Tofauti ya pekee kati yangu na mama yule ni kwamba mimi nilikuwa na pesa za kununua tembe kumi na tano badala ya sita.

Makala nyingi zinazohusu jambo hili huishia hapa. Mwandishi humkemea muuza duka kwa tamaa, humkemea mama kwa ujinga, kisha hufunga kwa kuwahimiza wananchi waache kutumia dawa ovyo. Mimi sitaki kuishia hapa. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na mambo ya bakteria nawaachia wenyewe. Lakini kuna jambo moja ambalo mwalimu wa lugha amezoea kuliuliza kila asomapo sentensi: mtenda ni nani? Tunaposema kwamba mgonjwa "ameandikiwa dawa", tumetumia kauli ya kutendewa, na mtenda hatukumtaja. Kila mtu hudhani ni daktari. Nadai kwamba mara nyingi aliyeandika ni serikali, na kwamba cheti huwa kimekwisha kuandikwa miaka mingi kabla daktari hajashika kalamu.

Kwanza tukumbushane hatari yenyewe. Dawa hizi, ambazo wanakamusi wetu wameziita viuavijasumu na mitaani huitwa antibiotiki, huua bakteria. Haziui virusi. Mafua ni virusi. Vikohozi vingi vya msimu wa baridi ni virusi. Koo lililokuwa likiniwasha huenda lilikuwa virusi vilevile. Kila tunapozimeza bila sababu, au tukakatiza dozi iliyokuwa na sababu, tunawaua bakteria walio dhaifu na kuwaachia uwanja wale wanaoweza kustahimili. Mwaka wa 2022 jarida la Lancet lilichapisha hesabu ya dunia nzima iliyoonyesha kwamba katika mwaka wa 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa, na kwamba eneo lililoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu ni Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Si habari mpya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alilionya jambo hili mwaka wa 1945 katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel. Alisimulia kisa cha kubuni cha bwana mmoja aliyeumwa na koo, akajinunulia penisilini na kumeza kidogo kuliko kipimo, akawafunza vijidudu kuistahimili, kisha akamwambukiza mkewe, na mkewe akafa. Fleming alimwona mkosaji wazi: bwana yule mzembe. Tangu siku hiyo dunia nzima imemshika mgonjwa huyo shingoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini bwana yule aliweza kuinunua dawa ile kama anunuavyo njugu, wala kwa nini hakumwendea daktari.

Basi na tuulize hapa kwetu.

Kenya ilipopata uhuru, serikali iliahidi kupambana na maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka wa 1965 matibabu ya wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za umma yakawa bure. Mapema katika miaka ya 1980 ukaanzishwa mpango wa kupeleka masanduku ya dawa katika zahanati na vituo vya afya vya mashambani, kila sanduku likiwa na dawa za aina na idadi iliyokwisha kupangwa Nairobi. Ulikuwa mpango wa busara, kwani ulihakikisha dawa muhimu zinamfikia mtu wa mwisho kijijini. Hata hivyo, tayari tunaona hapa namna sera inavyoandika cheti. Muuguzi hutoa kilichomo sandukuni. Sanduku likiwa na penisilini tele na halina kipimo chochote cha kumjulisha kama mgonjwa anaihitaji, penisilini ndiyo itakayotolewa.

Kisha ukaja mwezi wa Desemba mwaka wa 1989. Chini ya shinikizo la wakopeshaji wa kigeni, serikali ilianzisha utaratibu wa kuchangia gharama. Mgonjwa akaanza kutozwa ada mlangoni. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka, maana tulikuwa watoto tulioshikwa mkono na mama zetu katika foleni zile. Watafiti waliofuatilia kliniki moja kubwa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi waliandika mwaka wa 1992 kwamba baada ya ada kuwekwa, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Maradhi hayakupungua, waliopungua ni wagonjwa waliofika. Walikwenda wapi? Kisonono hakiponi kwa subira. Walikwenda mahali ambapo mtu huulizwa ana pesa ngapi. Serikali ilisimamisha ada hiyo mwezi wa Septemba mwaka wa 1990, ikairudisha tena kwa awamu baadaye. Lakini watu walikuwa wamekwisha kujifunza njia mpya, na njia ikishakanyagwa na wengi huwa barabara.

Mwaka wa 2004 ada zilipunguzwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya. Mwezi wa Juni mwaka wa 2013 zikafutwa kabisa katika ngazi hizo mbili. Hapana shaka hiyo ilikuwa hatua njema. Mwaka huohuo wa 2013 huduma za afya zilikabidhiwa serikali za kaunti, na kaunti zikawa zinanunua dawa kutoka bohari ya taifa, KEMSA. Tangu hapo tumezoea kusikia wimbo mmoja: fedha zimechelewa kutoka hazina, kaunti haijalipa deni lake, bohari imezuia dawa. Zahanati ikabaki na rafu tupu na muuguzi asiye na la kutoa ila karatasi. Tiba ni bure. Dawa ukanunue nje. Na huko nje yupo kijana mwenye mkasi na bahasha ya kaki.

Ongeza juu ya hayo migomo. Madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mwaka huohuo wauguzi nao waligoma kwa miezi mitano. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena kuanzia katikati ya Machi hadi mapema Mei. Siwalaumu, mikataba iliyotiwa saini na kupuuzwa ni sera pia, tena sera yenye kelele. Ila mgonjwa wa Bondeni hakuweza kuugomea ugonjwa. Kila siku ya mgomo ilikuwa siku ya kufunzwa kwamba daktari wa kweli ni yule ambaye mlango wake uko wazi.

Kuna mfano mwingine ambao wengi hawautambui, nao ni wa malaria. Kwa miaka mingi mwongozo ulikuwa mwepesi: homa ni malaria, mpe mgonjwa dawa ya malaria. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na nchi zetu zikapokea vipimo vya haraka vya damu. Ilikuwa sera sahihi. Dawa za malaria zikaacha kutolewa ovyo. Lakini watafiti walipochunguza nchi kadhaa za Afrika na Asia waligundua jambo ambalo halikukusudiwa: mgonjwa aliyepatikana hana malaria alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa antibiotiki kuliko yule aliyepatikana nayo. Sababu yake si uovu. Afisa wa kliniki amepewa kipimo cha kumwambia kwamba hii si malaria; hakupewa kipimo cha kumwambia ni nini. Mgonjwa yuko mbele yake, anatetemeka, ametembea kutoka mbali. Amrudishe mikono mitupu? Sera ilifunga mlango mmoja, watu wote wakamiminikia mlango wa pili. Hapa Nakuru, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako malaria si ugonjwa mkubwa kama ilivyo Kisumu au Kwale, mlango huo wa pili umekuwa wazi siku zote.

Na pale ambapo mgonjwa hupewa kipimo, mara nyingi huwa kipimo kisichofaa. Nani katika mitaa yetu hajaambiwa ana taifodi? Tone la damu huwekwa juu ya kigae, hutikiswa, na baada ya dakika chache mtu hutoka na jina la ugonjwa na dozi ya siprofloksasini. Kipimo hicho kiliitwa Widal baada ya kuvumbuliwa mwaka wa 1896, na hutazama kingamwili, ambazo zaweza kubaki katika damu muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, au kuamshwa na maambukizo mengine kabisa. Njia ya kuaminika ni kuotesha vijidudu vyenyewe katika maabara. Lakini kuotesha kunataka mashine, wataalamu, umeme usiokatika na siku kadhaa za kungoja. Kliniki ya kibinafsi iliyo juu ya duka la viatu haina hayo, na serikali haijaihimiza iwe nayo. Tena kliniki hiyo aghalabu haiishi kwa kutoa ushauri. Faida yake imo katika dawa inazouza. Mwenye kuandika ndiye mwenye kuuza. Korea Kusini iliona hatari hiyo na kuanzia Julai 2000 ikatenganisha kazi mbili hizo kwa sheria. Sisi tumeziacha zioane.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nishike kalamu. Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi, ambaye bado anaishi Bondeni katika nyumba aliyotulelea, alipatwa na maumivu ya njia ya mkojo. Ni ugonjwa wa kawaida kwa wanawake wa umri wake. Alipewa dawa ya kwanza, akapata nafuu siku nne, ukarudi. Akapewa ya pili, ikawa vilevile. Ya tatu aliinunua mwenyewe, kwa ushauri wa jirani. Hakuna aliyechukua mkojo wake ukaoteshwa maabarani mpaka siku alipoanza kutetemeka na kusema maneno yasiyofuatana, tukampakia garini usiku. Katika hospitali tuliyompeleka, ambayo sitaitaja, maabara ilichukua siku tatu kutoa jibu, nalo lilikuwa orodha ya dawa zenye alama moja mbele ya kila jina: haisikii, haisikii, haisikii. Ilisalia sindano moja ya bei kubwa. Tulichanga ndugu sote. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini usiku ule, nikiwa nimeketi kwenye benchi la ukumbini, nilizikumbuka tembe zangu kumi na tano. Nilijiuliza pia, kama jambo hili limemfika mama wa mhadhiri mwenye wana wanaoweza kuchanga, yule muuza mboga litamwacha wapi?

Serikali haikulala kabisa. Mwaka wa 2017 Kenya ilizindua sera ya taifa ya kuzuia usugu wa dawa pamoja na mpango wa utekelezaji wa miaka mitano, na mpango wa pili ni wa kuanzia 2023 hadi 2027. Orodha ya dawa muhimu ya mwaka wa 2019 iliufuata mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wenye mafungu matatu: dawa za kutumiwa kwanza, kama amoksisilini, dawa za kuangaliwa kwa makini, kama siprofloksasini, na dawa za kuwekwa akiba kwa siku ya dhiki. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2024, katika Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka wa 2030 asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za fungu la kwanza. Hayo yote ni mazuri.

Nimeisoma sera ya mwaka wa 2017. Nakala niliyoisoma ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu wanaozungumza na wafadhili. Ni waraka kuhusu mazoea ya mamilioni ya watu, ulioandikwa katika lugha ambayo wengi wao hawawazi wala hawaugui kwayo. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hiyo ina maana gani kwa mama muuza mboga ikiwa habari zenyewe zimefungwa katika lugha ya kigeni?

Na hata Kiswahili tunachotumia kinahitaji kutazamwa. Tunasema "usugu wa dawa". Sugu, kama ajuavyo kila mkulima, ni ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kushika jembe. Lakini usugu wa dawa ni usugu wa nani? Kwa sarufi yake, neno hili laweza kueleweka kwamba dawa ndiyo imekuwa sugu, au mwili wa mgonjwa. Mama yule alisema mwili wake "umezizoea" dawa. Ndivyo alivyoelewa, na hakukosa kwa upumbavu. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani liliwauliza watu katika nchi 12, Kenya ikiwa si mojawapo, na asilimia 76 walidhani kwamba mwili ndio unaoshindana na dawa. Mtu anayeamini hivyo ataona hana deni kwa jirani: mwili ni wake, uzoefu ni wake. Lakini anayejua kwamba bakteria ndio waliojifunza, na kwamba bakteria hao huhama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, atajua kwamba tembe sita za leo huenda zikamuua mtoto wa mwenzake kesho. Tuseme basi wazi: usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Ni maneno mengi, lakini yanamtaja mtenda.

Wapo watakaonijibu kwamba sheria ipo, itekelezwe tu. Ni kweli. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, ilianza kutumika mwaka wa 1957, na antibiotiki haziruhusiwi kuuzwa bila cheti. Basi polisi waende Bondeni, maduka yafungwe, vijana wenye mikasi wapelekwe kortini. Naliheshimu wazo hili, na si kwamba halijajaribiwa mahali pengine. Chile ilifanya hivyo mwaka wa 1999 na matumizi yakashuka sana kwa muda mfupi. Usimamizi ulipolegea, baada ya miaka michache yakaanza kupanda tena. Kwetu kuna shida kubwa zaidi. Ukimnyima mama yule tembe sita leo, unamtuma wapi? Kama zahanati ina dawa na mtu wa kumsikiliza kifua, sheria itakuwa imemwokoa. Kama zahanati ina rafu tupu, sheria itakuwa imemnyima kidogo alichokuwa nacho, na nimonia haingoji deni la KEMSA lilipwe. Katika bara hili bado kuna wanaokufa kwa kuzikosa dawa hizi, kama walivyo wanaokufa kwa kuzitumia vibaya. Fungua mlango wa zahanati kwanza, ndipo ufunge wa duka.

Serikali ifanye nini basi? Nataja mambo manne, na hakuna hata moja linalotaka miujiza.

La kwanza, dawa za fungu la kwanza zisikosekane kamwe katika zahanati, na fedha zake zitengwe zisiguswe kwa shughuli nyingine yoyote ya kaunti. Tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa NHIF ulitoa nafasi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, pamoja na mfuko maalumu wa huduma za msingi. Mwananchi ataupima mfuko huo kwa rafu ya zahanati yake.

La pili, vipimo. Kila kaunti iwe na angalau maabara moja ya umma inayoweza kuotesha vijidudu na kutoa jibu kwa bei ambayo maskini aimudu. Na pale pasipo na maabara, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu watoto wadogo humtaka mhudumu ahesabu pumzi za mtoto anayekohoa kwa dakika moja kamili: zikifika 50 kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi minne, hiyo ni dalili ya nimonia na apewe antibiotiki, zikiwa chini ya hapo, na hana dalili nyingine ya hatari, haihitajiki. Saa na dakika moja. Lakini muuguzi aliye peke yake, na foleni imefika langoni, hana hata dakika hiyo. Kuajiri muuguzi wa pili ni sera ya antibiotiki, hata kama hakuna anayeiita hivyo.

La tatu, serikali ijifunze kuzungumza na wanaoandika dawa. Mwaka wa 2014 Mganga Mkuu wa Uingereza aliwaandikia barua madaktari wa kliniki zilizokuwa katika asilimia 20 ya juu kwa kutoa antibiotiki. Barua haikutisha wala kutukana. Iliwaambia tu kwamba kliniki nyingi za eneo lao zinatoa dawa hizo kwa uchache kuliko wao, na kuwapa njia rahisi za kupunguza. Katika miezi sita iliyofuata utoaji wa dawa katika kliniki hizo ulipungua kwa asilimia 3.3 ukilinganishwa na kliniki ambazo hazikuandikiwa. Ni barua tu! Asilimia tatu huonekana ndogo, lakini ilikuwa maelfu ya dozi. Kuandika barua kama hiyo kwahitaji kwanza kujua nani anatoa nini, yaani kuweka hesabu. Na kuweka hesabu hakushindikani katika nchi ambamo hata muuza nyanya hupokea malipo kwa simu.

La nne, sera itafsiriwe kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe katika kila duka la dawa lenye leseni, isomwe redioni, tena si Kiswahili tu bali na lugha nyingine za Bonde la Ufa. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta miradi. Watumeni. Niko tayari kusimamia kazi hiyo bila malipo.

Kwenu walimu wenzangu na wanafunzi, nina ombi pia. Mwalimu wa sayansi afundishapo bakteria na virusi asiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Amwulize mwanafunzi ni dawa gani zimo kabatini nyumbani, nani alizinunua, na nani alisema. Mwalimu wa Kiswahili akitafuta mada ya insha au mjadala, hii hapa: nani mwenye kosa, mnunuzi, muuzaji au serikali? Na mwanafunzi wa chuo aliyezoea kumeza tembe mbili kabla ya mtihani kwa sababu ana mafua, ajue kwamba mwalimu wake alikuwa akifanya vivyo hivyo, na ameacha.

Ndiyo, nimeacha. Lakini kuacha kwangu ni jambo dogo, maana mimi nina bima na daktari wa kumpigia simu. Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami sitaki kuwa mwenye shibe anayemhubiria mwenye njaa kufunga. Wiki iliyopita nilipita tena mbele ya duka lile. Kijana alikuwa na mkasi mkononi, na mbele yake kulikuwa na foleni. Hatua chache tu kutoka hapo, zahanati ilikuwa imefungwa tangu saa kumi.